Kalkuleta za grafu msizifungie kabatini

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi kalkuleta za grafu ambazo walimu wengine huku Mbeya wakimkuta nayo mwanafunzi wanamnyang'anya moja kwa moja. Ya mtihani sina ubishi, kalkuleta inayowekewa programu isiingie na iwe hivyo hivyo. Ila klabu ya sayansi ipo mwaka mzima, sasa kwanini kitu kilale kabatini kwa mkuu wa shule mpaka betri zivujie ndani?

Mimi ni fundi redio hapa Mwanjelwa, na jioni vijana huwa wanakuja kibandani kuchezea vitu. TI-83 Plus au TI-84 Plus ya mtumba, kalkuleta za kampuni ya Texas Instruments, ina tundu dogo la jeki ya milimita 2.5 la kupitishia data. Jeki ya erfoni za siku hizi ni 3.5, haiingii, ila zipo erfoni za vitochi vya zamani zenye kipini chembamba, ukipata yenye sehemu tatu yani ncha, pete na shina, umemaliza. Kata waya, kwangua ile rangi iliyopakwa kwenye nyuzi maana bila hivyo solda haishiki hata uunguze meza, halafu pima kwa mita ujue upi ni upi. Shina ni ardhi, yani waya wa hasi, unaungwa na ardhi ya Arduino (ile bodi ndogo ya elektroniki unayoiwekea programu), hizo mbili zinaenda kwenye pini zake za data.

Utamu upo kwenye kalkuleta na Arduino zinavyoongea. Nyaya zote mbili zikitulia zinakaa juu, kama volti 5, anayetuma akivuta mmoja chini ni sifuri, akivuta wa pili ni moja, na anayepokea anajibu kwa kuvuta ule uliobaki ndo mwenzie anaachia. Ni kama mafundi wanaorushiana tofali, hutupi la pili mpaka mwenzio adake la kwanza. Ndo maana kalkuleta ya megahezi 6 inaelewana na Arduino ya 16 bila kugombana. Angalizo, Arduino isisukume volti kwenye waya, ivute chini tu halafu iuachie waya urudi juu wenyewe. Na mkiunga mota, msiilishe kwa betri za kalkuleta jamani.

Na hayo yote sio lazima uyaandike mwenyewe, Christopher Mitchell ashatengeneza maktaba ya Arduino, yani programu iliyoandikwa tayari, inaitwa ArTICL. Upande wa kalkuleta kijana anatumia Send( na Get( za TI-BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya kalkuleta, amri zilizowekwa kwa ajili ya CBL, kile kifaa cha vipimo vya maabara cha Texas Instruments wenyewe. Mtoto wa form three anaiweza.

Unga sensa ya joto ya DS18B20 kwenye Arduino, iweke kwenye stoo ya viazi Uyole au shambani Kitulo, baridi ile ya Juni na Julai uione inavyoshuka usiku kucha kwenye kioo cha nukta 96 kwa 64. Kalkuleta inakula betri ndogo nne tu, umeme ukikatika (na unakatika) haijali, na Arduino ikishawekewa programu laptop huihitaji.

Wanaotaka kununua, TI-84 Plus CE yenye kioo cha rangi haina hilo tundu, ina USB tu, usije ukauziwa kwa kusifiwa rangi.

Wakuu wa shule, ziandikeni kwenye daftari, siku za mtihani zikae ofisini, zikiisha mpeni mwalimu wa fizikia azipeleke klabu.

Fundi redio,
Mwanjelwa, Mbeya