Karanga za Ng'ombe wa Jiwe

Bengaluru

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama nisalimie sana. Umeniuliza kuhusu hekalu la ng'ombe la Basavanagudi, mtaa wa huku Bengaluru, India, kama mgeni anaruhusiwa na aende lini. Kuingia unaingia, hakuna anayekuuliza dini. La kwenda lini ndilo la kupanga.

Nenda siku za gulio la karanga, Kadalekai Parishe. Siku yake kubwa ni Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Kartika, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa kudhani tarehe haibadiliki. Mwaka 2023 ilikuwa 11 Desemba, mwaka 2024 ikawa 25 Novemba. Kalenda yao Wahindu inafuata mwezi mwandamo kama yetu, ila kila baada ya miaka karibu mitatu huongeza mwezi mzima, ndiyo maana Kartika haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Uliza tarehe kabla hujakata tiketi. Wauza karanga huanza kupanga mafungu tangu Jumamosi au Jumapili. Ukija Jumapili asubuhi utapita kwa raha. Jumatatu jioni barabara ya Bull Temple haipitiki, hata bajaji hazikufikishi. Panda metro ya mstari wa kijani, shuka National College, malizia kwa miguu.

Kwa nini karanga? Wanasimulia kwamba wakulima wa vijiji vya hapa, kama Guttahalli na Mavalli, ambavyo leo vimemezwa na mji, walikuwa wakikuta mashamba yameliwa usiku. Mmoja akavizia, akamwona fahali, akamtandika rungu. Fahali akageuka jiwe palepale. Wakajuta, wakamjengea hekalu na kumwahidi karanga za kwanza za kila mavuno. Kisha jiwe likaanza kukua, likakua mpaka wakaogopa, wakalipigilia chuma cha ncha tatu kichwani ndipo likatulia. Hekalu lenyewe lilijengwa na Kempe Gowda wa Kwanza, yule aliyeuanzisha mji mwaka 1537. Na jina la mtaa, Basavanagudi, kwa Kikannada maana yake ni hekalu la fahali.

Ukiingia utamwona mzima mbele yako: ng'ombe wa jiwe moja lisilo na kiungo, amelala amekunja miguu, kimo chake kama mita 4 na nusu na urefu kama 6. Kwenye mahekalu mengine ya mungu wao Shiva, ng'ombe huyu, Nandi, hukaa nje akimtazama bwana wake. Hapa mwenye nyumba ni yeye. Ni mweusi anang'aa, lakini jiwe lake ni la kijivu. Weusi umetokana na mafuta anayopakwa miaka na miaka. Usiishie mbele kama wengi wanavyofanya, wakapiga picha na kuondoka. Zunguka nyuma kwa njia ya pembeni, mkono wako wa kulia ukiwa upande wa jiwe, kwa kuwa mzunguko wao unafuata saa. Ukienda kinyume utagongana na watu wote. Ni kule ubavuni ndiko unapouona mwili wa ng'ombe hasa, uzito wa paja na mgongo, kuliko usoni palipofunikwa na mashada ya maua.

Viatu vinabaki nje. Kuwa na noti ndogo za rupia kwa anayevitunza na za kuweka kwenye sahani. Funika mabega na magoti. Nenda asubuhi mapema: mahekalu mengi ya huku hufungwa mchana, na jua la saa saba linaunguza nyayo kwenye mawe ya uani. Pujari, kuhani wa hekalu, akileta taa, watu hupitisha viganja juu ya mwali kisha hujigusa uso. Akikupa maji au kitu cha kula, hupokelewa kwa mkono wa kulia. Wewe kama dini yako haikuruhusu, kunja mikono kifuani, inamisha kichwa, naye atapita bila kinyongo. Kibaya ni kupokea halafu kutupa. Unga mwekundu wanaopaka kwenye kipaji cha uso nao ukidondokea buibui la rangi nyepesi, usifute kwa maji. Kung'uta kwanza, maji huutia doa.

Sasa karanga zenyewe. Huuzwa kwa kopo, kama kibaba cha kwetu: mbichi, za kuchemsha na za kukaanga. Za kuchemsha uzile siku hiyohiyo, zikilala huchacha. Mbichi zilizotoka shambani juzi bado zina maji ndani. Tikisa ganda, likiwa kimya ujue hazijakauka. Hizo usizifunge kwenye mfuko wa nailoni ukazitia sanduku, zitavunda na kushika sumukuvu. Zianike, na punje yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, usiimenye ukaila. Za kuja nazo nyumbani nunua za kukaanga.

Ukitoka, shuka kidogo tu hapo chini kwa Ganesha mkubwa, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, naye ni wa jiwe moja. Siku nyingine humkuta amepakwa siagi mwili mzima, zaidi ya kilo 100. Kisha pumzika kwenye miamba ya Bugle Rock, palepale jirani, penye kivuli.

Niandikie tarehe ukishaipata.

Wako,
Zuhura