Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu: Nauli ya mashua na iandikwe gatini

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama mwenye nyumba katika mtaa wa Mkomani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikodisha vyumba viwili vya orofani kwa wasafiri wanaokuja na mashanta mgongoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa majirani zangu wengi ambao hawana njia ya kukufikia, na kwa sababu dawa yake, kwa jinsi ninavyoiona, ni ndogo na imo ndani ya uwezo wa serikali ya kaunti.

Mwezi wa Januari nilipokea mume na mke, vijana kutoka Ureno, waliosafiri kwa basi kutoka Mombasa na kushuka Mokowe, penye gati la bara tunakovukia kwa mashua, maghribi ikikaribia. Walibisha hodi kwangu baada ya isha. Mume alikuwa amerowa hadi magotini, kwani maji yalikuwa yametoka na ngazi za chini za gati zina mwani, akateleza akiwa na mzigo; mkanda mmoja wa shanta lake ulikatika hapo, akaufunga fundo. Hayo hayakuwauma. Kilichowauma ni kwamba nahodha mmoja aliwaambia mashua za abiria zimekwisha kwa siku ile, akawavusha peke yao kwa bei iliyozidi mara kumi nauli tunayolipa sisi, na walipofika katikati ya mkondo wakapitwa na mashua ya abiria iliyojaa watu, magunia na kuku. Mke alinisimulia huku akipanga sarafu zilizobaki juu ya meza yangu, mafungu mafungu, fungu moja kwa kila siku. "Si fedha tu, mama," aliniambia. "Tulitaka kuuliza, na hapakuwa na pa kuulizia."

Neno hilo sikuwa na jibu lake, na ndilo lililonifanya niandike.

Walikuwa wamepanga kulala siku tatu, wakakaa siku kumi na sita. Naomba uniruhusu nikueleze fedha yao ilipita wapi, maana mtu asiyekaa nao huwaona ni watu wasio na kitu. Kila asubuhi walinunua mahamri na mbaazi kwa jirani yangu mjane, anayekaanga kwenye daka la nyumba yake. Shanta lililokatika walilipeleka kwa fundi wa matanga kule Langoni, akalishona kwa sindano na uzi wa tanga, kisha wakanunua kwake mikoba miwili iliyoshonwa kwa tanga kuukuu. Walilipa kiingilio cha jumba la makumbusho na cha ngome, wakamchukua kijana wa mtaani awatembeze. Walikwenda Matondoni kwa miguu kutazama mafundi wakitia jahazi kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao zake, wakala samaki huko. Siku ya kwenda Takwa, ule mji wa kale katika kisiwa jirani cha Manda uliohamwa katika karne ya 17, ilibidi wangoje siku mbili hadi maji yajae saa inayofaa, kwa kuwa kijito kile cha kati ya mikoko hakiingiliki maji yakiwa makavu. Na siku mbili za kungoja, Mheshimiwa, ni siku mbili za kula, kulala na kununua.

Mke huyo alitaka kujifunza kukuna nazi. Siku ya kwanza alijikata kidole kwenye meno ya mbuzi, binti yangu akamfunga kitambaa. Siku ya kumi alikuwa akikuna nazi ikitoka nyeupe, bila ukoko wa kifuu hata chembe, na tui la wali wetu siku hiyo alilikamua yeye. Nje alivaa leso bila ya kuambiwa mara ya pili. Nalitaja hilo kwa sababu najua wapo wazee ambao bado wanakumbuka mahipi wa miaka ya 1970 na yale yaliyowaudhi, nao wana haki ya kukumbuka. Mgeni huheshimu mji anapokaa na watu wa mji, na hawa wa mashanta hukaa na sisi, ukuta kwa ukuta, wakiamka kwa adhana ile ile.

Simhusudu mwenye hoteli kubwa. Wageni wake hushuka Manda kwa ndege, hupokelewa na mashua ya hoteli, na watu wengi hupata kazi kwake. Ila fedha ya mgeni yule huingia kwa mlango mmoja kwanza, na ya mgeni wangu huingia kwa milango kumi siku hiyo hiyo. Baada ya utekaji nyara wa mwaka 2011 na maonyo ya kusafiri yaliyofuata, vyumba vyangu vilikaa vitupu msimu baada ya msimu, na wa kwanza kunirudia walikuja na mashanta. Sasa barabara ya Garsen hadi Lamu imetiwa lami, na wa namna hii wanaweza kuongezeka. Lango lao ni Mokowe, na lango hilo ndilo linalowavunja moyo kabla hawajauona mji ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya utalii wa ndani ya kaunti, na pia vivuko na bandari, isipokuwa yale ya usafiri wa majini wa kitaifa na wa kimataifa. Kwa hiyo naamini sikosei mlango. Naomba ubao mkubwa uwekwe katika gati la Mokowe, lile la Manda na la mjini, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, unaotaja nauli ya mashua ya abiria, nauli ya mzigo, bei ya kukodi mashua nzima mchana na usiku, na saa ambayo mashua ya mwisho huondoka. Taa iwe juu yake, kwa sababu wanaoumia ni wale wanaofika gizani. Zile ngazi zisuguliwe mwani.

Nauli hizo zipangwe pamoja na manahodha wenyewe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha, na najua mafuta yanavyopanda na jinsi mtu anavyoweza kushinda gatini akarudi nyumbani mikono mitupu. Kama mgeni atatozwa zaidi ya mwenyeji, na iwe hivyo, mradi tofauti hiyo imeandikwa na kila mtu anaisoma. Nahodha mwaminifu, nao ndio wengi, atapata ushahidi wa kumwonyesha abiria anayemshuku. Ama habari za mitaro na taka, wengine wamekwisha kukuandikia. Leo sitaziingiza hapa.

Wageni wangu wameniandikia kwamba watarudi kaskazi ijayo, na safari hii watakuja na dada wa mke. Watakuja tena kwa basi, na basi likichelewa huwafikisha Mokowe jua likizama. Nimewaahidi kwamba nitakwenda kuwapokea gatini mwenyewe, na ningependa wakute ubao.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mama mwenye nyumba ya wageni,
Mkomani, Lamu