YAH: MALALAMIKO KUHUSU BANGO LA SELI MLILOTUUZIA

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Nachingwea, mkoani Lindi. Mwezi Desemba tulinunua kwenu hadubini moja na mabango manne ya ukutani, kwa fedha walizochanga wazazi baada ya malipo ya korosho. Mzigo ulifika kwa basi ukiwa salama. Hadubini haina tatizo, na kwa hilo nashukuru. Ninacholalamikia ni bango moja, lile la seli na nadharia ya seli, yaani maelezo kwamba viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli.

Niliwapa Kidato cha Kwanza zoezi la kawaida: kubandua utando mwembamba wa ndani ya kitunguu maji, kuutandaza kwenye kioo, kudondoshea tone la iodini, kisha kutazama na kuchora. Wanafunzi 58, hadubini moja. Foleni ilitoka hadi nje ya mlango. Nilipokusanya madaftari nikakuta wengi wamechora seli zilizojaa vidoa vya kijani. Nikamwita binti mmoja, nikamwuliza hicho kijani amekionea wapi. Akanyoosha kidole ukutani.

Bango lenu linaonyesha seli ya utando wa kitunguu maji ikiwa na kloroplasti, vile vidoa vya kijani ambamo mmea hutengenezea chakula. Kitunguu ni ghala la chakula, si mahali pa kukitengenezea. Seli za utando ule zina ukuta, sitoplazimu (ute wa ndani), kiini na vakuoli kubwa (kifuko cha majimaji), lakini kloroplasti hazimo. Hizo utazikuta kwenye majani yake mabichi. Yule binti alitazama kwenye lenzi, hakuona kijani, akadhani macho yake ndiyo yenye kosa.

Nilipiga simu ofisini kwenu. Dada aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, ule ni mchoro tu, wanafunzi wanapata picha." Ndiyo, dada yangu, wameipata.

Baada ya simu hiyo nikalisoma bango lote upya. Mmeandika kwamba mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, aliona seli hai yenye kiini. Mwaka 1665 Hooke alitazama kipande cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa. Vijumba alivyoviona vilikuwa kuta tupu za seli zilizokwisha kufa, ndiyo maana akavipa jina lenye asili ya neno la Kilatini la chumba kidogo. Kiini kilikuja kupewa jina na mtaalamu wa mimea, Robert Brown, mwaka 1831. Yule aliyetazama viumbe hai vya seli moja vikiogelea majini, Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, hata hamkumtaja. Kati ya Wajerumani wawili walioasisi nadharia ya seli, Schleiden mmempa wanyama na Schwann mmempa mimea. Ni kinyume chake. Hilo ningelisamehe, maana hata mimi chuoni nilikuwa nawachanganya.

Lisilosameheka ni sentensi ya mwisho, kwamba seli mpya "hujitokea zenyewe katika majimaji ya mwili". Fikra ya namna hiyo aliwahi kuwa nayo Schleiden mwenyewe, akakosea. Mtafiti Remak alionyesha kwamba seli hugawanyika, na mwaka 1855 daktari Virchow akaitangaza kanuni tunayoifundisha leo: kila seli hutokana na seli nyingine. Bila hiyo nadharia ya seli haijakamilika. Nanyi mfahamu mazingira yetu: huku bado wapo wanaoapa kwamba funza hujizaa wenyewe ndani ya embe bovu. Natumia vipindi viwili vizima kuling'oa wazo hilo vichwani, halafu mtoto anageuza shingo na kulikuta limechapishwa kwa rangi nne na kupakwa plastiki juu.

Mmenitumia ujumbe wa kunipa punguzo la asilimia 10 kwa oda ijayo. Sikuomba punguzo. Naomba bango sahihi, au mturudishie shilingi 45,000 zetu, ndani ya siku 14. Naomba pia mziandikie shule nyingine zilizonunua toleo hili. Walimu wengi wa huku hawana hadubini ya kulinganishia, kwa hiyo kwao bango ndilo lenye kauli ya mwisho. Na kabla ya kuchapa toleo jipya, mpeni mwalimu yeyote wa Baiolojia alipitie. Ni kazi ya nusu saa.

Nimeambatisha picha za bango, nakala ya risiti na michoro mitatu ya wanafunzi. Kwa sasa nimebandika karatasi nyeupe juu ya kitunguu chenu. Kila kipindi hakosekani anayeinua pembe yake kuchungulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Nachingwea.

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.