Wapeni wanafunzi seva ya kuharibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni karani mstaafu, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, na kilichonifanya nishike kalamu ni matangazo ya kozi za kompyuta. Ukitoka Barabara ya Nane kwa miguu huvuki nguzo tatu hujalikuta moja: jifunze kusimamia mitandao, wiki chache, cheti juu. Cheti sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwamba wiki zote hizo zinakwisha bila mwanafunzi kuharibu chochote.

Niliajiriwa mwaka 1988 kupiga chapa katika ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Mwaka 1997 ikaletwa seva yetu ya kwanza, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima na kuzihudumia nyingine. Ilikuwa na NetWare 3.12, programu ya zamani ya kuendesha mtandao, kioo cheusi na maandishi matupu. Bosi akauliza nani atakaa nayo. Wanaume watatu wakatazama sakafu. Kiti changu kilikuwa karibu na mlango wa stoo ilimowekwa, basi ikawa yangu. Kwa ajili ya kiti nikawa mtu wa mtandao, na baada ya hapo nikapita matoleo ya Windows ya seva: NT 4.0, 2000, 2003, hadi 2008 R2. Kila toleo nililipandisha kwa kusoma usiku na kuomba dua asubuhi. Adui wengine sikuwakuta kitabuni: hewa ya bahari inayotia kutu kwenye viungo vya nyaya, na mjusi aliyeingia kwenye pawasaplai akakaangika humo, ofisi nzima ikanuka siku mbili.

Tarehe 14 Januari 2020 Microsoft waliacha kuitunza 2008 R2. Maana yake, tundu la kupenyea wahalifu likionekana humo, hakuna tena kiraka cha kuliziba kitakacholetwa bure kama zamani. Bosi akasema, inafanya kazi, usiiguse. Nikamkumbusha Mei 2017, programu ya wahalifu iitwayo WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza, ilhali kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi na watu hawakukiweka. Akakubali, shingo upande.

Wakati huo tulikuwa na kijana wa fildi kutoka chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mtoto mwenye adabu, shikamoo mama kila asubuhi, na matokeo yake mazuri. Alikuwa amekariri yale majukumu matano ya seva inayotunza domeni, yaani orodha moja ya watumiaji na kompyuta zote za ofisi, anayataja bila kupumua. Nikamwambia, haya mwanangu, nionyeshe kwenye mashine hii ni seva ipi inayabeba. Akanitazama. Amri yenyewe ni maneno matatu, netdom query fsmo, lakini hakuwahi kuiandika mahali popote, kwa kuwa hakuwahi kukalishwa mbele ya seva. Chuoni alipewa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Sikumcheka. Kilichoniuma ni ada ya mzazi wake.

Sasa niseme la kwangu, maana lilikuwa kubwa kuliko la kijana.

Kuipandisha seva toleo tulichagua Jumamosi baada ya adhuhuri, ofisi ikiwa tupu. Kijana akaweka diski ya Windows Server 2019, ikakataa kupandisha. Ndipo tuliposoma, tayari tumeshachelewa, kwamba 2008 R2 hairuki moja kwa moja hadi 2019. Lazima ipitie 2012 R2 kwanza. Tukaweka hiyo. Betri za UPS, kile kifaa cha kushikilia mashine umeme ukikatika, zilikuwa zimevimba na nilijua zimevimba. Saa tisa na ushee, kazi ikiwa nusu, umeme ukakatika mtaa mzima. Seva ikazimika kama taa.

Umeme uliporudi mashine ilihangaika hadi magharibi, ikajirudisha yenyewe kwenye toleo la zamani. Domeni ilikuwa hai, watu wangeweza kuingia. Faili la hesabu za wateja ndilo lililokataa kufunguka. Nikasema si kitu, tuna bakapu, nakala ya akiba. Ile diski ya nje ilikuwa inawaka taa kila usiku na programu inaandika "imekamilika". Nikaifungua. Hesabu zilizokuwamo ni za miezi mitatu nyuma.

Programu haikudanganya. Miezi mitatu kabla, diski C ilipojaa, mimi mwenyewe nilihamishia folda ya hesabu kwenye D, na sikuiambia programu ya bakapu. Ikaendelea kunakili kwa uaminifu yale iliyoagizwa: barua na picha za sherehe ya kuagana na mhasibu. Miaka zaidi ya ishirini kazini, na sijawahi hata mara moja kurudisha bakapu ili nione kama inarudi.

Kilichotuokoa ni nakala za kaboni za stakabadhi, ambazo kijana mmoja mhasibu alikuwa akinitania kwamba ni za enzi za Mjerumani. Tulikaa watu wanne siku kumi na moja tukiziingiza upya moja moja. Kijana wa fildi naye alipiga chapa, bila kuombwa.

Baada ya hapo nikamwambia bosi kwamba hatuigusi tena seva ile hadi tumeiharibu kwanza mahali pengine. Alidhani nimechanganyikiwa. Ipo programu ya bure iitwayo Disk2vhd, inachukua diski nzima ya mashine iliyo hai na kuifanya faili moja. Faili hilo tulilibeba hadi nyumbani kwangu, tukalifungua ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya nyingine, nayo ni bure, kwenye laptopu ya kijana juu ya meza ya jikoni. Seva ya ofisi, na majina yote ya wafanyakazi na paswedi zao, ikawaka pale pembeni ya sufuria ya mchicha. Tahadhari moja: waya wa mtandao wa hiyo mashine ya kuigiza uwe umekatwa, asilani isikutane na seva halisi, na faili lenyewe lifutwe kazi ikiisha, maana lina siri za watu.

Windows Server 2019 ya majaribio Microsoft wanaitoa bure kwa siku 180. Kijana akaiweka kama mashine ya pili, ili safari hii tusipandishe toleo juu ya ile kuukuu, bali tuiingize mpya kwenye domeni, tuikabidhi majukumu, kisha tuistaafishe ya zamani. Mara ya kwanza seva mpya haikuiona domeni kabisa. Nusu siku tunahangaika, kumbe DNS yake, ile huduma ya kutafuta mashine kwa majina, kijana alikuwa ameielekeza kwenye ruta, kifaa cha kuunganisha intaneti, badala ya seva ya zamani. Hilo kosa limo kwenye vitabu vyote na alishalijibu kwenye mtihani. Mara ya pili alizima ya zamani kabla mpya haijakabidhiwa chochote. Tukafuta, tukaanza tena.

Mara ya tatu ndipo tulipokuta jambo ambalo lingetuumbua ofisini. Seva mpya ilikataa katakata kupewa kazi ya kutunza domeni. Domeni yetu ilizaliwa enzi za Windows 2000, na folda ya SYSVOL, ile inayobeba kanuni na skripti za watu kuingia, ilikuwa bado chini ya mtindo wa zamani wa kusambaza mafaili, FRS, ambao 2019 haiukubali. Miaka yote ile nilipandisha matoleo nisijue kwamba huo mtindo nimeuburuta nyuma yangu. Dawa yake ni kuhamia mtindo mpya, DFSR, kwa amri ya dfsrmig, hatua kwa hatua: sifuri, moja, mbili, tatu. Hadi ya pili unaweza kurudi ulikotoka. Ukishaingia ya tatu hakuna kurudi. Kijana alipoisoma hiyo akanyanyua mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akakaa kimya. Siku ile ndiyo aliyojifunza kazi, naapa.

Ofisini ilituchukua Jumapili moja, na UPS ina betri mpya.

Mhariri, ninachoomba kwa wenye vyuo ni kidogo. Mtihani wa mwisho usiwe wa kuchagua herufi. Mwanafunzi apewe seva inayofanya kazi, yenye watumiaji na mafaili ndani yake, aambiwe aipandishe toleo. Akiwa katikati, msimamizi achomoe waya wa umeme. Alama zianzie hapo: anafanya nini, bakapu iko wapi, aliijaribu lini, inarudi au hairudi. Akishindwa arudie wiki inayofuata, na ijayo.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba vifaa havitoshi. Laptopu yenye kumbukumbu ya GB 8 inabeba seva mbili ndogo za kuigiza, nimeiona kwa macho yangu jikoni. Kompyuta zinazorundikwa kwenye stoo za maofisi mjini hapa nyingi zinaweza kazi hiyo zikiongezwa kumbukumbu. Na wale wanaosema siku hizi dunia ni Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, sawa, ila tarehe zinakufuata huko huko: CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, ilifika mwisho wa kutunzwa 30 Juni 2024, na mtu aliyeizoea hana budi kuhamia kwingine kabisa. Hata ruta ndogo ya MikroTik ina mtego wake. Ukishapandisha RouterOS, mfumo unaoiendesha ruta hiyo, programu ya bodi yenyewe ni kitufe kingine, na unawasha upya mara ya pili. Kijana alikisahau kitufe hicho mara mbili kwenye ruta ya kuazima, tukacheka. Leo hakisahau.

Wenye maofisi nao nawaomba wawaache vijana wa fildi wafike kwenye stoo ya seva. Kumtuma mtoto chai na fotokopi miezi miwili kisha kumgongea muhuri kwenye daftari lake ni kumdhulumu.

Kijana wetu sasa anasimamia mtandao wa ofisi moja Korogwe. Mimi nilistaafu 2023. Ile seva ya 2019 bado iko stooni kwenye ofisi yetu ya zamani, na huduma zake kutoka Microsoft zinakwisha tarehe 9 Januari 2029. Nimeiandika tarehe hiyo kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa mashine kwa gundi. Juzi nilipita kuwasalimu nikauliza nani anakaa nayo siku hizi. Wakanionyesha binti wa mapokezi, kwa kuwa meza yake iko karibu na mlango.

Karani mstaafu,
Chumbageni, Tanga