Yah: Malalamiko kuhusu grisi na rangi ya kalipa mlizoniuzia

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Magari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilitoka Moshi kuja dukani kwenu kununua vitu vya kufufua kalipa za mbele (vile vibanio vya breki vinavyobana pedi kwenye diski) za Toyota Noah yangu: seti ya raba, rangi nyekundu ya kalipa, na grisi ya kupakia raba na pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwamba kazi naifanya mwenyewe nyumbani, nafungua kalipa zote mbili, natoa kutu, nabadilisha raba na kupaka rangi ili zionekane vizuri ndani ya rimu mpya. Akanipa seti ya raba kwa Sh 45,000 na kopo la rangi kwa Sh 28,000. Grisi aliichota kwenye ndoo iliyokuwa chini ya kaunta, akanijazia kikopo kisicho na maandishi yoyote, Sh 5,000. Nilimuuliza kama grisi hiyo inafaa kwa raba za breki. Akanijibu, "Kaka, hiyo ndiyo wanayochukua mafundi wote, wewe paka tu." Risiti ya EFD ninayo, nakala yake nimeambatanisha.

Niseme mapema kwamba seti yenu ya raba haina kasoro, msije mkadhani nimekuja kulalamikia kila kitu nilichobeba. Ninalalamikia rangi na grisi, na kati ya hivyo viwili, rangi ningeweza kuisamehe.

Nikianza na hiyo rangi: kalipa nilizisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, nikazisafisha kwa spirei ya breki, nikaziba kwa selotepu tundu la pistoni (kile kipande kinachosukuma pedi), skrubu ya kutolea upepo na sehemu pedi zinapokaa, ndipo nikapaka mikono miwili myembamba na kuacha ikauke. Zilipendeza, sikatai. Wakati wa kutoa upepo kwenye mfumo wa breki, tone la mafuta ya breki likadondokea kalipa ya kushoto. Nilipofuta kwa kitambaa, rangi ikaja yote na kitambaa, chuma kikabaki kitupu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi za kawaida, hilo kila fundi analijua, na ndiyo sababu mtu anatafuta rangi ya kalipa badala ya rangi yoyote nyekundu. Nikalichukua kopo nisome tena maelezo. Spirei ilikuwa imelowesha stika yenu iliyoandikwa "Rangi ya kalipa, nyuzi 300", nayo ikaanza kubanduka pembeni. Nikaivuta. Chini yake kuna lebo halisi ya kiwanda yenye picha ya geti na dirisha la nondo. Picha za lebo zote mbili ninazo. Nani aliyebandika stika hiyo, ninyi au aliyewauzia, ni swali lenu kulijibu.

Sasa grisi. Kalipa ya kulia niliifunga siku ya kwanza nikiwa peke yangu, nikapaka grisi yenu kwenye raba ya pistoni, kwenye raba ya vumbi na kwenye pini. Ya kushoto niliifunga kesho yake nikisaidiwa na jirani yangu ambaye ni fundi. Yeye ana desturi ya kulowesha raba kwa mafuta ya breki yenyewe kutoka kwenye chupa mpya, na pini alizipaka grisi ya silikoni aliyokuja nayo. Kikopo chenu hakukigusa. Kwa hiyo raba zimetoka pakiti moja, mafuta ya breki ni chupa moja, gari ni moja. Kilichotofautiana ni grisi.

Siku chache baadaye tukawa tunaelekea Marangu. Kabla ya kufika Himo njia panda gari likaanza kuvuta kulia, halafu ikaingia harufu ya pedi zinazoungua. Niliposimama, rimu ya kulia ilikuwa haishikiki kwa moto na ile rangi ya geti imetoka malengelenge na kugeuka kahawia. Rimu ya kushoto ilikuwa ya vuguvugu tu. Gari likarudi Moshi kwa kuvutwa. Tulipoifungua ile kalipa, pistoni ilikataa kurudi mpaka tukaisukuma kwa upepo wa kompresa, na raba yake ilikuwa imevimba kama andazi, imelegea na kuchomoza nje ya mfereji wake. Raba za pini nazo hivyo hivyo. Za kushoto zilitoka kama zilivyoingia.

Mnauza vipuri, kwa hiyo naamini mnajua sababu, lakini kijana wenu haijui, na yeye ndiye anayewashauri wateja. Raba za breki zinazotumia DOT 3 au DOT 4 kwa kawaida ni za aina ya EPDM. Raba hiyo inavumilia mafuta ya breki miaka mingi, ila haipatani kabisa na grisi wala oili inayotokana na petroli. Ikiguswa nayo hunywa, huvimba na kulainika. Na raba ya pistoni ina kazi zaidi ya kuzuia mafuta yasivuje. Ukikanyaga pedali inajipinda kidogo pamoja na pistoni, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, pedi ikaachia diski. Ikishavimba haiwezi kurudisha chochote. Breki inabaki imeshika, moto unapanda, na mafuta ya breki yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, ukikanyaga pedali inazama hadi chini. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ila yakishafyonza unyevu kiwango hicho hushuka hadi kama nyuzi 155. Anayeijua barabara ya kuteremka kutoka Marangu Mtoni hadi Himo ataelewa kwa nini nashukuru tatizo lilijitokeza tukiwa hatujapanda.

Nilipowatumia picha kwa WhatsApp mlinipa majibu matatu. La kwanza, kwamba kazi za nyumbani hamzipi dhamana. Sikuomba dhamana ya kazi yangu. Grisi ile hata angeipaka fundi wa gereji kubwa kuliko zote Arusha, raba ingevimba vilevile. La pili, kwamba risiti imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, na mimi niliuliza nikajibiwa. La tatu, kwamba nilete kalipa mzione. Nikizing'oa kalipa nikazileta Arusha gari litabaki juu ya mawe, na ndilo linalopeleka watoto shule. Nimewatumia bahasha yenye raba mbili za pistoni, ya kulia na ya kushoto, pamoja na kikopo cha grisi iliyobaki. Ziwekeni mezani pamoja, hamtahitaji kipimo.

Ninachoomba ni hiki. Ndoo ile iondoke chini ya kaunta leo, au angalau iandikwe kwamba ni ya beringi na haigusi breki. Halafu wapigieni simu wateja mliowauzia grisi hiyo kwa kazi ya kalipa. Hili ni la haraka kuliko pesa yangu, kwa sababu wako watu wanaoteremka Rhotia kwenda Mto wa Mbu na familia zao wakiwa na raba kama hii ndani.

Kuhusu pesa: nirudishieni Sh 33,000 za rangi na grisi. Pia mnilipe Sh 159,000 nilizotumia kurekebisha, yaani seti nyingine ya raba 45,000, raba za masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, 30,000 (grisi ikishaingia kwenye mafuta, jirani yangu alikataa kuziacha za zamani, nami namuunga mkono), mafuta ya breki ya kusafishia mfumo mzima 24,000, na pedi mpya za mbele 60,000. Jumla ni Sh 192,000. Risiti zote zimo kwenye bahasha. Gharama ya kuvuta gari sidai, aliyenivuta ni shemeji yangu na hakunitoza.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita kimya, suala la grisi na malipo nitalipeleka Tume ya Ushindani, na kopo lenye stika juu ya lebo nitalikabidhi Shirika la Viwango Tanzania. Kopo hilo sikuliweka kwenye bahasha, ninalo mimi.

Mteja wenu,
Rau, Moshi.