Maua ya msituni Uingereza yatazamwe kutoka njiani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila ifikapo mwishoni mwa Aprili, ndugu zetu walioko Uingereza, na wageni waliokwenda kuwatembelea, hutuma nyumbani picha za msitu uliotandikwa maua ya buluu. Katikati ya maua amekaa mtu, kanga imetandazwa, mtoto amepakatwa. Picha inapendeza. Lakini pale alipokaa pameumia, na patachukua miaka kupona. Ombi letu ni kwamba picha za namna hiyo zisipewe nafasi kwenye kurasa zenu za safari, na wasomaji waelezwe jinsi misitu ile inavyoingiwa.

Ua hilo ni blubeli. Huota kutoka kwenye tunguu lililo chini ya udongo, mfano wa kitunguu maji kidogo. Majani yake membamba yanayong'aa huanza kuchomoza Januari au Februari, wakati miti juu bado iko uchi. Kuanzia hapo hadi Mei, mialoni na miti ya bichi inapofunga dari la majani na kutia giza chini, ndiyo nafasi pekee ya blubeli kujitengenezea chakula cha mwaka mzima na kukiweka akiba kwenye tunguu. Jani lililokanyagwa haliinuki tena, na mwaka huo tunguu linabaki na njaa. Anayechuma ua moja huharibu kidogo kuliko anayekanyaga majani kumi akitafuta pa kusimama, kwa sababu tunguu lililopoteza ua bado lina majani ya kulilisha. (Tusieleweke kwamba tunaruhusu kuchuma.) Mbegu ya blubeli huhitaji miaka mitano hivi, pengine zaidi, kabla ya kutoa ua la kwanza. Tena nyayo za mtu mmoja zikishalaza majani, wa pili huona kijia na kukifuata, na kufikia Jumapili jioni msitu una njia mpya ambayo haikuwepo Ijumaa.

Ukitaka kulijua ua lenyewe, chuchumaa ukingoni mwa njia. Blubeli ya asili ina bua lililoinama kichwani, kama mtoto anayemwamkia babu yake, na vikengele vyake vyote vinaning'inia upande mmoja. Ncha za petali zimejikunja kwa nyuma. Chungulia ndani: chavua yake ni nyeupe ya maziwa, na harufu yake ni tamu. Ukikuta bua limesimama wima, maua yamezunguka pande zote, majani mapana, chavua ya buluu na harufu hafifu, hiyo ni blubeli ya Hispania iliyotoroka bustanini. Hizi mbili huchanganyika na kuzaa machotara, kwa hiyo usishangae kukuta ua lenye sifa za pande zote mbili. Kung'oa mmea wowote wa mwituni bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya wanyama na mimea ya mwaka 1981, na tangu 1998 ni marufuku kuuza matunguu ya blubeli yaliyotolewa mwituni.

Kwa aliyefikia London, mahali rahisi ni Chalet Wood, kimsitu kilicho ndani ya bustani ya Wanstead Park, mashariki mwa jiji. Panda treni ya chini ya ardhi, njia ya Central, ushuke kituo cha Wanstead. Wengi hukosea hapa: treni za njia hiyo huachana Leytonstone, na zile zinazokwenda Epping hazipiti Wanstead. Soma ubao kabla hujapanda, uchague inayokwenda kupitia Newbury Park. Kosa la pili ni kushuka kituo kinachoitwa Wanstead Park, ambacho kiko kwenye njia nyingine kabisa na wala hakipo mlangoni mwa bustani. Ndani ya Chalet Wood utakuta magogo yamelazwa kandokando ya vijia. Hayo magogo ndiyo mpaka. Mtoto apite kijiani, kati ya magogo, na mbwa afungwe kamba.

Picha nzuri hupatikana bila kuvuka gogo. Tafuta mahali njia inapopinda. Mpiga picha abaki upande huu wa kona na anayepigwa asimame njiani upande wa pili, kisha simu ishushwe hadi usawa wa goti. Maua yaliyo kati yao yatajaza sehemu yote ya chini ya picha, na mtu ataonekana amezama kifuani mwa buluu hali miguu yake iko kwenye udongo mkavu wa njia. Nenda asubuhi au jioni. Jua la adhuhuri huifanya buluu ipauke.

Wanstead Park husimamiwa pamoja na msitu wa Epping, unaoanzia viunga vya London na kupanda kaskazini hadi kupita mji wa Epping, kama kilomita 19. Sheria ya 1878 iliuweka chini ya Shirika la Jiji la London, na tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria alifika High Beach, ndani ya msitu huo, kuutangaza kuwa wa watu wote. Ukishuka kituo cha Loughton unaufikia kwa miguu. Kwenye vilima vya changarawe kuna bichi, kwenye mfinyanzi kuna miti migumu iitwayo honibimu, na mialoni imetapakaa kote.

Mgeni hushangazwa na maumbo ya miti ile: shina nene, fupi, lenye mabonge na mapango, kisha juu ya kichwa cha mtu yanapasuka matawi manene kama mashina mengine kumi. Hiyo ni kazi ya shoka. Kwa karne nyingi wenyeji walikata matawi majira ya baridi kwa ajili ya kuni, wakayaacha yachipue, wakarudi tena baada ya miaka kadhaa. Walikata juu, mita mbili au tatu, kwa sababu ng'ombe na paa wangekula machipukizi ya chini. Watu wa Loughton waliipigania haki hiyo dhidi ya wenye ardhi, na jina la Thomas Willingale, mkata kuni, linakumbukwa hadi leo. Haki ilipokomeshwa walilipwa fidia, na sehemu ya fidia ikajenga ukumbi wa Lopping Hall uliofunguliwa 1884 na ambao bado upo mjini.

Hilo lina maana kwa anayetembea leo. Matawi yaliyokuwa yakipunguzwa kila baada ya miaka kadhaa yameachwa yakanenepa kwa zaidi ya karne moja, juu ya mashina yaliyooza katikati. Upepo mkali ukivuma, usiingie. Hata siku tulivu ya joto kali bichi kubwa inaweza kuangusha tawi zima bila onyo, kwa hiyo usitandike mkeka chini yake, hata kivuli kikuvute namna gani. Na mizizi ya bichi iko juujuu: tukijazana shinani tunaushindilia udongo hadi hewa na maji vishindwe kupita, na mti wa miaka 400 unaanza kufa kuanzia juu. Gogo lililooza liache lilipo, kwani ndani yake hukua kwa miaka kadhaa funza wa mende mkubwa mwenye taya kama pembe za kulungu. Moto na nyama choma ni marufuku.

Kuhusu hatari nyingine, watu husema msitu usio na simba hauna cha kuogopa. Kuna kupe. Kupe mchanga, ambaye huuma watu mara nyingi, ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Vaa suruali ndefu, ncha zake uzichomeke ndani ya soksi. Ukirudi jikague nyuma ya magoti, kinenani, makwapani, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele za mtoto. Ukimkuta, mbane kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwenda juu bila kumminya, kisha osha kwa sabuni. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Anaweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa Lyme, ambao dalili yake ni duara linalopanuka kwenye ngozi, mara nyingi wiki moja hadi nne baadaye. Picha nyingi za duara hilo ni za ngozi nyeupe na wekundu wake. Kwenye ngozi nyeusi huwa gumu kuonekana, pengine ni la zambarau au weusi uliokolea tu, basi litafute mchana penye mwanga. Homa, uchovu na maumivu ya viungo pia hufuata, na aliyesharudi Dar es Salaam au Mombasa atadhani ni malaria. Apime malaria, ndiyo, lakini amweleze daktari kwamba alikuwa kwenye msitu wa Uingereza. Dawa za antibayotiki zipo na zinafaa zaidi zikianza mapema.

Hatari kubwa zaidi ni uyoga wa kuanzia Agosti hadi Novemba. Waliokulia kwenye miombo ya Tabora, Iringa au Songea wamezoea kula uyoga wenye kikombe kwenye kitako cha bua. Chini ya mialoni na bichi za Uingereza huota ndugu yake: kofia ya kijanikijani au njano iliyopauka, vijani vyeupe chini yake, pete kwenye bua, na kikombe kilekile. Huu huua. Kuupika hakuondoi sumu. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini linaharibika. Ujuzi wa nyumbani hauvuki bahari kwa jambo hili. Epping kuchuma uyoga ni marufuku kabisa. Aliyekwisha kula apige simu 999, namba ya dharura ya Uingereza, bila kusubiri nafuu hiyo, na mabaki ayaweke kwenye karatasi ayapeleke hospitali.

Epping unaruhusiwa kutembea popote, lakini misitu mingi ya England ni mali ya watu binafsi. Sheria ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika na ardhi za jumuiya, na misitu mingi ikabaki nje. Humo fuata mishale nguzoni: wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Ramani ya Explorer namba 174 inauonyesha msitu wa Epping, na sentimita 4 zake ni kilomita moja. Mfinyanzi wa huko hunata hadi Aprili, hivyo vaa gambuti. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza hutangulia.

Mhariri, msimu ujao akija msomaji na picha aliyoipiga kutoka njiani, kwenye kona, simu ikiwa usawa wa goti, tunaomba muichapishe kubwa.

Wasomaji wenu,
Loughton, Essex, Uingereza