Barua kwa mwanangu: yule bibi wa pilipili na dagaa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata juzi. Umesema umri umekutupa mkono, huwezi tena kurudi chuoni, na kwamba miaka yote uliyolea imekwenda bure. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nilitaka nikae nikuandikie.

Unamkumbuka yule bibi wa Minari, ile filamu tuliyoitazama? Amefika kwa binti yake Arkansas, Marekani, kutoka Korea, akafungua mzigo wake, akatoa pilipili ya unga na dagaa wakavu, binti akalia. Na wewe ulilia palepale kwenye kochi. Nikajua umekumbuka dagaa niliokuwa nakufungia kila unaporudi chuoni.

Aliyeigiza bibi yule ni Youn Yuh-jung, mwigizaji wa Korea Kusini aliyezaliwa 1947. Filamu yake ya kwanza, Woman of Fire ya mwongozaji Kim Ki-young, ilitoka 1971 ikampa jina kubwa kwao. Nyota yake inang'aa hivyo, akaolewa na mwanamuziki, wakahamia Marekani, akazaa wavulana wawili. Karibu miaka kumi akawa mama wa nyumbani.

Alirudi Korea 1984, na baada ya miaka mitatu ndoa ikavunjika. Korea ya siku zile, mwanamke aliyeachika alinyooshewa kidole, wengine hawakutaka hata kumwona kwenye televisheni. Na watoto wanataka kula. Basi mwanamke aliyekuwa mhusika mkuu akapokea kila kazi iliyokuja, hata sehemu ndogo ndogo. Mwenyewe amesema bila kuona haya kwamba aliigiza ili alishe wanawe. Hapo ndipo nilipompenda, mwanangu, kabla ya kusikia habari za tuzo.

Maana kazi hiyo naijua. Baba yenu alipoondoka, nilishona sare za shule za watu usiku, wewe umelala chini ya meza ya cherehani, umeshika kopo la vifungo. Sijawahi kuhesabu kwamba usiku ule ulipotea.

Yeye aliendelea tu. Mwaka 2016, katika filamu ya The Bacchus Lady, aliigiza mama mzee wa Seoul anayeuza mwili ili aishi. Wangapi wa umri wake wangekubali? Aprili 2021, akiwa na miaka 73, akachukua Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa Minari, Mkorea wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Pale jukwaani aliwashukuru wanawe wawili waliomfanya atoke kwenda kazini, na akamkumbuka marehemu Kim Ki-young, aliyemwamini tangu mwanzo.

Wewe una miaka 34. Fomu ya chuo ijaze wiki hii. Wajukuu zangu waje kwangu, kitanda chao nimeshatandika.

Nimekufungia dagaa kilo mbili na pilipili niliyosaga mwenyewe. Mzigo unakuja na basi la alfajiri, kondakta atakupigia.

Mama yako